Maswali kwa Fundi: Pikapu ya Dizeli, Hema na Pikipiki Mbili

SWALI: Shikamoo, Fundi. Mimi ni msomaji wako wa Arusha. Mwaka jana nilinunua Hilux ya mwaka 2010, dabo kebini, injini ya dizeli ya lita 3.0, giaboksi ya mkono, ambayo sasa imetembea kilomita 240,000. Mimi na shemeji yangu tuna pikipiki mbili za motokrosi za cc 250, na tunakusudia kwenda nazo Engaruka na Ziwa Natron siku za mapumziko, tukilala porini pamoja na mke wangu na mtoto wetu wa miaka minane. Mafundi wa mtaani kwetu wamenishauri nifunge bampa ya chuma na winchi (mashine ya kujivuta kwa waya) mbele, hema juu ya fremu ya chuma nyuma, betri ya pili, matairi makubwa zaidi, niinue gari kwa inchi nne, na pikipiki moja ikae kwenye kibebeo kinachofungwa kwenye huku ya kuvutia trela ili nyuma pabaki nafasi ya mizigo. Fedha niliyonayo haitoshi kufanya yote kwa mkupuo. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na mizani. Nenda kwenye ghala la mazao au kiwanda chenye mizani ya magari, uombe upimiwe, hata kama ni kwa kulipa kitu kidogo, gari likiwa tupu na tangi limejaa: kwanza gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Mizani ya barabara kuu inawahusu wenye magari ya zaidi ya tani 3.5, kwa hiyo mwenye pikapu anaweza kuendesha miaka kumi bila kuujua uzito wa gari lake, na kwa uzoefu wangu wengi ndivyo wanavyoishi. Ukishapata namba hizo, tazama kwenye kibati cha gari na kwenye kitabu chake uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe mmoja kwa mwingine. Kwa dabo kebini ya aina yako tofauti huwa kati ya kilo 800 na 1,000 hivi, kulingana na toleo.

Sasa tupige hesabu ya hayo uliyoshauriwa. Watu wazima watatu na mtoto ni kilo 250. Pikipiki mbili za motokrosi zikiwa na mafuta ni kilo 220. Hema la juu ya gari ni kilo 60 na fremu yake 50, bampa ya chuma 60, winchi na waya wake 40, betri ya pili na nyaya zake 25, kibebeo cha pikipiki 30. Maji lita 60 ni kilo 60, friji dogo na chakula kilo 45, na ukijumlisha helmeti, viatu, zana, spea na nguo huwezi kupata chini ya kilo 70. Jumla ni kilo 910, na hapo bado hujapakia dumu la petroli ya pikipiki wala gunia la mkaa. Gari limekwisha kujaa likiwa bado uani kwako, na barabara yenyewe, ukishaacha lami pale Mto wa Mbu kuelekea kaskazini, ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe, makorongo na ule ubatibati unaotikisa mpaka meno.

Ushauri ninaoupinga kabisa ni ule wa kibebeo cha nyuma. Pikipiki ya kilo 110 juu ya kibebeo cha kilo 30 ni kilo 140, na katikati ya uzito huo huning'inia kama mita 1.6 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Hilux yako ni karibu mita 3.1. Gari hapo linafanya kazi kama mzani wa watoto wa kubembea: ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 140, inaongezewa zaidi ya 210, na ile ya ziada, kilo 70 na kitu, inanyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele, ambako ndiko kuna usukani na sehemu kubwa ya breki. Kwenye ubatibati mzigo huo hauning'inii kwa utulivu, bali hupiga juu na chini maelfu ya mara kwa saa, na chesisi ya dabo kebini ikichoka hupindia pale pale nyuma ya kebini, mahali ambapo bodi ya mizigo inaanza. Nimekwisha kuona pikapu ambayo mwanya kati ya kebini na bodi ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, na mwenyewe akidhani ni bodi iliyolegea boliti.

Kwa hiyo pikipiki zote mbili zikae ndani ya bodi. Hapa nako kuna hesabu ndogo ambayo ni vizuri uifanye kwa futi kabla ya kununua chochote. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa karibu mita 1.5, na pikipiki ya motokrosi ina urefu wa mita 2.2. Tairi la mbele likigusa ukuta wa kebini, tairi la nyuma litakanyaga mita 1.8 kutoka ukutani, maana yake litakuwa juu ya mlango wa nyuma ulioshushwa. Mlango huo hushikwa na waya mbili au vyuma viwili vyembamba, na haukutengenezwa kubebeshwa matairi mawili yanayorukaruka siku nzima. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee njia mbili za chuma cha mkunjo, zilizofungwa kwa boliti kwenye sakafu ya bodi na kupita juu ya mlango bila kuuegemea, ili uzito urudi kwenye sakafu na chesisi. Kama hutaki kuchoma wala kutoboa, pikipiki ziweke kwa mshazari, usukani wa moja ukipishana na wa nyingine. Mlango bado hautafungika, lakini sehemu kubwa ya uzito itabaki ndani.

Kufunga pikipiki ni kazi ya mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ila ile ya mbele ndiyo inayobeba kazi. Ishike sehemu ya chini ya usukani, ivutwe kwenda mbele na nje kwa pembe, na ikazwe mpaka shokapu za mbele zizame kama nusu ya mwendo wake. Ukizikaza mpaka mwisho utapasua sili za shokapu, na ukiziacha juu mno mkanda utalegea kwenye shimo la kwanza. Mimi huweka kipande cha mbao kati ya tairi la mbele na madigadi, hapo hata ukikaza kwa hasira shokapu haziwezi kuzama kupita kiasi. Funga koki ya petroli, na baada ya kilomita 15 za vumbi simama ukaze tena, kwa sababu mikanda yote hulegea mara ya kwanza. Ubao wa kupandishia usiwe mfupi: sakafu ya bodi iko kama sentimita 85 kutoka ardhini, na ubao wa mita 2.2 unakupa mteremko ambao mtu mmoja anaumudu.

Tatizo la hema sasa linajitokeza lenyewe. Usukani wa pikipiki uko juu karibu mita 1.3 kutoka sakafu ya bodi, kwa hiyo fremu ya hema italazimika kupita juu yake, na kilo 60 za hema pamoja na fremu zitakaa zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, kwenye gari utakaloliendesha pembezoni mwa makorongo. Mimi nisingefanya hivyo. Hema zuri la ardhini kwa watu wanne lina kilo 10 hadi 15, linaingia nyuma ya kiti, na asubuhi mnaweza kuondoka na gari kwenda kuchota maji bila kuvunja nyumba. Najua hema la juu linapendeza kwenye picha.

Ukiondoa kibebeo, fremu na hema la juu, ukaahirisha bampa na winchi, umepunguza kilo 240 na fedha nyingi. Fedha hiyo iende kwenye injini kwanza. Uliza, na usikubali jibu la mdomo tu, kama mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye kilomita 150,000, kwa maana ukikatika injini hiyo huharibika vibaya. Pia fungua nozeli zinazopuliza dizeli, zikaguliwe zile washa (pete) ndogo za shaba chini yake. Zikianza kuvuja, moshi wa mwako hushuka kwenye oili, oili hugeuka lami, chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huziba, na siku moja taa ya oili inawaka ukiwa mlimani. Fundi anayeijua kazi atashusha sampu atazame chujio hilo, na ni nusu siku tu ya kazi. Filta ya dizeli ibadilishwe, na nyingine mpya iwe kwenye kisanduku cha zana, kwa kuwa dizeli ya madumu huko njiani huja na maji na mchanga.

Kisha springi za nyuma na shokapu zote nne. Mwambie muuzaji uzito halisi utakaokuwa nao kila siku, si ule wa safari. Springi zilizoundwa kwa mzigo wa kudumu wa kilo 300 kwenye gari ambalo Jumatatu hadi Ijumaa ni tupu zitakufanya uendeshe mkokoteni, na gurudumu la nyuma litaruka juu ya vishimo badala ya kushika ardhi. Na elewa kwamba springi ngumu hazibadilishi namba iliyo kwenye kibati. Zinazuia gari lisikae chini tu, huku ekseli, bearingi na breki zikibaki zile zile. Kuinua kwa milimita 40 hadi 50 kunatosha kabisa. Inchi nne huzipa shafti za mbele pembe mbaya, mipira yake hupasuka, mabomba ya breki huvutika, na kwa Hilux zenye vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo wa chuma, gari lililoinuliwa huidanganya vali kwamba halina mzigo, nayo hupunguza breki za nyuma wakati ambapo zinahitajika zaidi. Fundi yeyote atakayekuinulia gari bila kuugusa mkono huo, mwondokee.

Matairi nunua yenye kuta ngumu za magari ya mizigo, kwa saizi ile ile iliyo kwenye kibati. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3 na kidogo, spidomita itakudanganya kwa kiasi hicho hicho, na gia ya kwanza itakuwa ndefu pale unapopanda na mzigo. Pampu ndogo ya upepo, koleo, mbao mbili za kukanyagia, kamba ya kuvutia na jeki imara vitakutoa kwenye mchanga mara nyingi kuliko winchi, hasa mkiwa watu wazima watatu. Shusha upepo wa matairi mpaka PSI 18 au 20 kwenye mchanga, na ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Pikipiki mpande nje ya hifadhi za taifa, kwani ndani haziruhusiwi.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Niko Naivasha, nina Land Cruiser ya pikapu yenye injini ya 1HZ. Nikibeba pikipiki na vifaa vya kambi gari linakuwa zito mno mlimani. Je, nifunge turbo?

JIBU: Kwanza jua kwamba sehemu ya uchovu huo ni ya mahali unapoishi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa hapo imepungua kwa takriban moja ya tano, na injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi kama 130 ikiwa usawa wa bahari, haina namna ya kujifidia. Turbo, yaani feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, itasaidia, lakini 1HZ haikuundwa nayo: mwako wake huanzia kwenye chumba kidogo cha pembeni, na joto hubanwa kichwani mwa injini. Ukiamua kufunga, iwe ya msukumo mdogo, na usikubali ifungwe bila geji ya joto la moshi, kwa kuwa injini hizi hufa kwa fundi kuongeza dizeli mpaka moshi mweusi utoke huku dereva hana chochote cha kumwonya. Ila kabla ya hayo, safisha filta ya hewa, pima nozeli na pampu, na tazama kama matairi uliyofunga si makubwa kuliko ya awali. Nimeona wawili waliopata nguvu zao kwa kurudisha matairi tu.

SWALI: Fundi wetu, friji langu la kambini linamaliza betri usiku mmoja na asubuhi gari haliwaki. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Friji la volti 12 huvuta ampea 3 au 4 likiwa linafanya kazi, na kwa joto la Dodoma halipumziki sana, kwa hiyo kwa siku hutumia ampea-saa 30 hadi 45. Betri ya kuwashia gari haikuundwa kunyonywa polepole, na ukiizoesha hivyo itakufa ndani ya miezi. Funga betri ya pili ya kumwaga umeme taratibu, ya ampea-saa 100, ukijua kwamba kama ni ya risasi na asidi utaitumia nusu tu. Kati yake na ile ya kwanza weka rilei inayounganisha injini ikiwaka na kutenganisha ikizimwa. Waya uwe mnene, milimita 16 za mraba kama betri iko nyuma kwenye bodi, kwa sababu waya mwembamba hupoteza volti njiani na betri ya pili haijai hata ukiendesha kutwa. Kila ncha ya waya huo iwe na fyuzi, karibu na betri yake, kwani waya ukichubuka katikati kwenye chesisi, betri zote mbili huwa na uwezo wa kuuwasha moto.