Kwanza pole

Mtwapa, Agosti 2025

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mdogo wako amepata kazi ya miezi mitatu bandarini, na mjomba wako bado anangoja lile gari lake litoke gereji.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umesema Jumamosi kuna maandamano ya Gaza hapo London, wenzako wa wodini wanakwenda, nawe umechoka. "Mama, tunatembea tangu 2023 na bado watoto wanakufa. Nikienda tena kuna faida gani?" Nimekaa na swali hilo siku nne. Kila nikianza kukujibu habari ya faida, moyo unanirudisha kwenye lile hando, ile sketi ya marinda ya Wagiriama.

Hando unalikumbuka. Ulikuwa na miaka sita, unacheza chini ya meza ya kukatia, unajifunga vipande vya bafta kiunoni na kujiita bi harusi. Lakini sidhani niliwahi kukueleza yote, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinikataza.

Tulikuwa kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka 2002. Unajua duka la fundi lilivyo wakati huo: kanzu zimetundikwa mpaka dirishani, kila mzazi anataka nguo ya mtoto jana. Jumatano jioni akaja yule dada wa Kikambala, mcheza ngoma. Alikuwa na hando jipya nililomshonea, marinda juu ya marinda, yadi na yadi za bafta nyeupe. Kiuno kilikuwa kinambana, maana alikuwa amejifungua karibuni. Akaniomba nimwachie kidogo, kesho asubuhi wana wageni. Nikamwambia, dadangu, huoni nilivyobanwa na Idi? Liache, njoo Ijumaa. Akacheka, akasema basi nitavaa lile la zamani. Akaliacha.

Kesho yake, Alhamisi 28 Novemba, tulisikia mshindo. Nikadhani ni tairi la lori. Kisha watu wakaanza kukimbia barabarani. Kule Kikambala gari lilikuwa limevunja geti la hoteli iliyokuwa mali ya Waisraeli na kulipuka pale mapokezi, wageni ndio kwanza wamefika kutoka uwanja wa ndege, wacheza ngoma wakiwapokea. Makuti yakashika moto. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na katika hao watatu wawili walikuwa watoto, ndugu wa tumbo moja. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushiwa ndege iliyokuwa ikipaa Mombasa kurudi Tel Aviv na abiria 261. Yakakosa, alhamdulillahi. Tukaja kusikia redioni tamko la watu waliojiita jeshi la Palestina, na baadaye al-Qaeda wakasema ni wao.

Yule dada alikuwa miongoni mwa wale 10.

Lakini linaloniuma hasa, mwanangu, ni la dukani. Alasiri ile alikuwepo mzee mmoja akingoja kanzu yake. Jina simtaji, naye ameshatangulia mbele ya haki. Mtu wa heshima, aliyekuwa akisikilizwa mtaa mzima. Habari ilipoingia kwamba waliokufa ni Wagiriama, wacheza ngoma, akatikisa kichwa, akauliza: "Na wao walifuata nini kwa Mayahudi, asubuhi ya Ramadhani?" Hakusema pole. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Hando lilikuwa limetundikwa juu ya kichwa chake, jeupe, na mimi nikaendelea kukanyaga cherehani. Sikuinua hata uso. Nikamaliza kola, nikakata uzi, nikapokea pesa yake.

Nyanya yako alitulea kwa neno moja: ukifika matangani, kwanza pole, mengine hata kesho yapo. Hakuna anayefika kwenye msiba akaanza kuuliza marehemu alikuwa wapi, na nani, na kwa nini. Kwanza pole. Na mimi, mtoto wake, niliyaacha maneno ya yule mzee yapite juu ya kichwa changu kwa sababu ya kanzu moja.

Nililipeleka hando kwao siku ya arobaini, baba yako akinisindikiza. Mama yake alilipokea, akaketi mkekani, akaanza kuyapitisha marinda vidoleni, moja moja, kama anayehesabu. Mtoto wa marehemu alikuwa mgongoni kwake, amelala. Alipofika rinda la mwisho akaniuliza bila ukali wowote: "Mtwapa na hapa ni mbali hivyo, mpaka arobaini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Sasa rudi kwenye Gaza yako.

Ile Jumamosi ya 7 Oktoba 2023, Hamas walipovamia Israeli, dukani kwangu kuna waliofurahi. Ninakwambia kwa sababu hukuwepo. Waisraeli na wageni wao kama 1,200 wameuawa siku moja, 251 wamechukuliwa mateka, na hapa vijana wananionyesha simu wakishangilia. Kati ya waliouawa kulikuwa na vibarua wa mashambani kutoka Thailand, na vijana wawili wa hapa jirani, Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Mmoja, mwili wake ulichukuliwa ukapelekwa Gaza. Alikuwepo pia yule mama Vivian Silver wa Be'eri, kijiji cha Israeli karibu na mpaka wa Gaza, mwenye miaka 74, aliyekuwa akiwaendesha wagonjwa wa Gaza kwa gari lake mpaka hospitali za Israeli. Wewe muuguzi utamwelewa kuliko mimi. Safari hii nilizima cherehani. Nikawaambia wale vijana, kwanza pole. Mmoja akanijibu, "Mama, wewe huijui historia." Nikamwambia naijua, na pole ni kwanza vilevile.

Halafu ikaja zamu ya Gaza, na nikalisikia swali la yule mzee limebadilisha kanzu tu. Wanauliza kwa nini hawakuhama. Wanauliza walimpigia nani kura. Uchaguzi wa bunge wa mwisho Wapalestina waliupiga 2006! Yule mtoto Hind Rajab, aliyebaki hai ndani ya gari lenye maiti za jamaa zake akiwaomba watu wa Hilali Nyekundu kwenye simu waje wamchukue, alipiga kura lini? Waliokwenda kumchukua kwa ambulensi waliuawa nao. Wizara ya afya ya Gaza imehesabu wafu zaidi ya 60,000, na mwezi huu imetangazwa rasmi kwamba Jiji la Gaza lina njaa. Njaa, na malori ya chakula yamesimama mpakani. Bado kuna mtu mzima anayefungua kinywa na la kwanza kutoka si pole.

Usidhani ninapima sawa kwa sawa. Sipimi. Aliyekufa Be'eri na aliyekufa Khan Younis kule Gaza kila mmoja ana mama yake, lakini mabomu ya miezi 22 si jambo la asubuhi moja, na mwenye ndege za kivita hawezi kuniambia yeye na mtoto wa hemani wako hali moja. Nikifika hapo hasira inanipanda, nasema pole itamsaidia nini mwenye njaa, anataka unga. Kisha namkumbuka yule mama na marinda yake. Yeye hakutaka unga kwangu.

Baba yako alikuwa na hadithi yake, na najua umeisikia mpaka umechoka, ya redio ya mwaka 1982. Wanamgambo wa Lebanoni wameingia kambi za Sabra na Shatila, wamechinja Wapalestina kwa siku mbili, jeshi la Israeli limezizunguka kambi. Alikuwa akisimulia kilichofuata huku ameshika paji la uso: Waisraeli wenyewe wakajaa uwanjani Tel Aviv, inakadiriwa watu 400,000, kudai uchunguzi juu ya serikali yao. Tume ikaundwa. Mwaka uliofuata Ariel Sharon akatolewa kwenye wizara ya ulinzi. "Unaona?" angesema. "Miguu ya watu!" Basi hiyo ndiyo faida unayoiuliza, kama unataka faida. Lakini siku hizohizo za Februari 1983 mwandamanaji Emil Grunzweig aliuawa kwa guruneti Jerusalem, na Sharon yuleyule 2001 akawa waziri mkuu, ndiye aliyekuwa madarakani Kikambala ilipolipuka. Baba yako sehemu hiyo hakuipenda. Mimi siwezi kuiruka.

Ile video uliyonitumia ya Tel Aviv ya mwaka huu, nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine zote. Wale Waisraeli wamesimama kimya usiku, kila mmoja ameshika picha ya mtoto wa Gaza aliyeuawa, mshumaa pembeni, wapita njia wengine wanawafokea. Hawafoki. Wameshika picha tu. Jeshi ni lao, watoto wao ndio waliovaa sare, na bado wamekwenda matangani kwa jirani kabla ya arobaini. Nilipowaona nilimwona yule mzee wangu na kanzu yake, nikaona aibu upya, na pia nikaona raha, sijui nikueleze vipi. Kwamba inawezekana.

Wewe ulisema hapo London kuna Wayahudi wanaotembea kwenye maandamano na bango lao wenyewe, nawe unaona haya kuwasogelea. Haya ya nini? Na ulisema kuna siku ulisikia mtu kando yako akiwatukana Mayahudi wote, ukanyamaza ili usiharibu maandamano. Hilo ndilo nililolitazama zaidi katika sauti yako yote, mwanangu, kuliko la faida. Ulisema haraka haraka, kama mtu anayepita mlangoni pa deni. Nalijua sana hilo. Mimi nilikuwa na kola ya kumaliza.

Niseme nenda? Juni mwaka jana nilimfungia mdogo wako geti asiende mjini, vijana walipokuwa wakipigwa risasi kwenye maandamano Nairobi, na funguo nikalala nazo. Hajanisamehe, na sijatubu. Nikikwambia wewe nenda, atasema mama ana sheria mbili. Una kibali cha kazi pia, nawe ndiye unayelipa karo ya wadogo zako. Nikikwambia usiende, nitaisikia cherehani usiku. Ulimi unaniwasha kusema, Mungu anajua. Naukunja. Wewe una miaka 29, si wa chini ya meza tena. Ila ukienda au usipoenda, yule mtu akitukana tena kando yako, au mwingine kule kazini akikuuliza watu wa Gaza walimpigia nani kura, tafadhali usimalize kola.

La mwisho. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwa bibi yake anaolewa Disemba. Bibi yu hai, macho ndiyo yamepungua. Alikuja mwenyewe dukani wiki iliyopita akishikwa mkono, akaniletea hando lile la mama mtu, lote, hata uzi haujaachia, akasema bi harusi atalivaa siku ya ngoma, kiuno kiachiwe kidogo. Nimelitundika palepale. Leso za sare ni nyekundu na nyeupe, zinaagizwa Ijumaa, kwa hiyo nijibu mapema kama nikuwekee jozi.

Mama yako