Kamera ya Nikon D5300 na lenzi ya 50mm ya mtumba isiyofokasi yenyewe

Habari mkuu. Umesema AF 50mm f/1.8D uliyonunua mtumba inapiga picha vizuri kwenye D5300, ila haifokasi yenyewe (haijirekebishi ili picha iwe kali), na fundi anataka kuifungua. Usimruhusu! Karibu hakika lenzi ni nzima.

Lenzi za AF-D, yaani za AF zenye herufi D mwishoni kama yako, hazina mota ndani. Huzungushwa na bisibisi ndogo inayochomoza kwenye mdomo wa kamera (pale lenzi inapofungwa), na familia za D3000 na D5000, ikiwemo D5300 yako, hazina bisibisi hiyo. Itoe lenzi uangalie nyuma: utaona kichwa cha skrubu chenye mfereji. Kisha tazama mdomo wa kamera, hakuna kitu cha kukishika. Ukipata mwenye D90 au D7100, ijaribu hapo kabla ya kumdai muuzaji pesa.

Kwa sasa fokasi kwa mkono. Weka hali ya fokasi ya kamera kwenye MF (fokasi ya mkono), chagua alama moja ya fokasi, zungusha ringi taratibu mpaka nukta ya chini kushoto kwenye dirisha la kutazamia itulie. Kwa apecha (tundu la kupitisha mwanga) ya f/1.8, ukiyumba kidogo tu jicho la unayempiga linatoka kwenye fokasi, kwa hiyo anzia f/2.8, tundu dogo zaidi. Kamera ikiandika FEE (ringi ya apecha haipo kwenye namba ya mwisho), funga ringi ya apecha kwenye 22.

Ukiamua kubadilisha, tafuta AF-S 50mm f/1.8G, hiyo ina mota yake. Herufi S ndiyo ya kuangalia. Kabla ya kuinunua, mulika tochi kupitia vioo vyake: ukiona nyuzi za kuvu au mafuta kwenye visu vya apecha, iache.