Fomula nazijua, maana yake siioni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Ekonometria (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) nakariri fomula na mtihani nafaulu, lakini sioni zinatoka wapi. Nikijifunza kuandika programu nitaelewa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Utaelewa. Mimi nilikariri miaka miwili, nikafunguka macho siku niliyotunga data yangu mwenyewe.

Pakua R, programu ya takwimu, ni bure. Tunga watu 1,000. Kipaji chao kitoke kwenye rnorm(1000), amri inayotoa namba 1,000 za kubahatisha. Elimu iwe kipaji jumlisha rnorm nyingine. Mshahara uwe elimu mara 2, kipaji mara 3, na rnorm ya tatu iwe bahati ya kila mtu. Sasa iambie lm, amri ya R ya kukadiria uhusiano, ikadirie mshahara kwa elimu peke yake. Utapata elimu mara karibu 3.5, ilhali wewe uliyewatunga watu hao unajua jibu ni 2! Ile 1.5 ya ziada ni kipaji ulichokiacha nje. Ongeza watu wafike 100,000: kosa liko palepale. Hapo ndipo nilipokaa kimya nikitazama skrini. Kiingize kipaji, 2 inarudi.

Andika kila mstari kwa vidole vyako, hata kwenye kompyuta ya kuazima.