Laini Isiyochomoleka: Niliyojifunza Baada ya Kuhamia eSIM

Simu yangu ilianguka kifudifudi jioni moja, na nilipoiokota kioo kilikuwa cheusi tii. Ilikuwa hai bado. Iliita, ikatetemeka, lakini haikuonyesha kitu wala haikusikia kidole. Zamani hilo lingekuwa jambo dogo: unatafuta pini, unachomoa laini, unaichomeka kwenye simu ya akiba, na maisha yanaendelea huku ile mbovu ikiwa kwa fundi. Safari hii sikuwa na cha kuchomoa. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimehamishia namba yangu kwenye eSIM, laini iliyojengewa ndani ya simu yenyewe badala ya kadi, na kwa mbwembwe zangu nikaikata ile kadi ya zamani kwa mkasi.

Nikafungua kompyuta na kuingia kwenye akaunti yangu ya kampuni ya simu ili niombe eSIM nyingine. Nikaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yangu. Simu ikatetemeka mezani. Ujumbe umefika, nausikia, ila kuusoma siwezi. Nikajaribu benki, nao wakatuma huko huko. Barua pepe nayo ikataka uhakika kwamba ni mimi, ikatuma huko huko. Nilikaa siku mbili bila namba, hadi nilipokwenda mwenyewe kwenye ofisi za kampuni ya simu na kitambulisho mkononi.

Bado natumia eSIM, na sina mpango wa kuiacha. Lakini niliihamia nikiwa na picha isiyo sahihi kichwani, na nadhani wengi wanayo picha hiyo hiyo: kwamba laini sasa iko hewani, na simu ikifa utaiita tu ije kwenye simu nyingine. Haiko hewani. Ndani ya simu kuna kichipu kilichounganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Kinachoshushwa kutoka intaneti ni profaili, yaani namba ya utambulisho wako pamoja na ufunguo wa siri ambao mtandao hutumia kukutambua. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani ya kadi. Ile plastiki ilikuwa chombo cha kubebea tu.

Na ule msimbo wa QR unaopewa? Mimi niliupiga picha na kuuhifadhi, nikajiona mjanja. Kumbe ndani yake hamna laini. Mna anwani ya seva na namba ya kuchukulia profaili yako, na mara nyingi ukishatumika mara moja umekwisha kazi. Picha yangu ilikuwa sawa na tiketi ya safari ya jana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu mambo ya kufanya kabla hujahama. Piga *#06#. Ikitokea namba ndefu ya tarakimu 32 yenye jina EID, simu yako ina kichipu hicho. Hakikisha pia kwamba simu haijafungiwa mtandao mmoja, maana iliyofungwa kwa kadi imefungwa na kwa eSIM vilevile. Kisha kaa chini uorodheshe kila akaunti inayokutumia namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na kila inayoruhusu njia nyingine uipe njia hiyo: programu ya uthibitisho iliyo kwenye kifaa zaidi ya kimoja, au zile namba za akiba za kuingilia akaunti unazoweza kuziandika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Siku ile ningetoa chochote kupata karatasi.

Kama simu yako ya akiba ni ya zamani na haina eSIM, fikiria mara mbili. Simu nyingi za sasa zinabeba vyote viwili, kadi na eSIM. Unaweza kuiacha namba yako kuu kwenye kadi, na namba ya pili au bando la safari ukaliweka kwenye eSIM. Kwa msafiri hapo ndipo utamu ulipo: unanunua bando la nchi unayokwenda, unalishusha kwa Waifai ukiwa bado nyumbani, unaliwasha ukifika. Mabando mengi ya aina hiyo ni ya intaneti tu, hayana namba ya kupigiwa, na usisahau kuzima intaneti ya laini yako ya nyumbani, la sivyo utalipa kwa laini zote mbili.

Wizi nao una sura mbili. Mwizi aliyeiba simu yenye kadi huichomoa laini, akaichomeka kwenye simu yake na kuanza kupokea namba zako za benki, kama hukuiwekea PIN. Wachache sana huweka. Kwa eSIM hilo halimwezekani, na sioni faida hii ikitajwa inavyostahili. Lakini tapeli anayempigia mhudumu wa kampuni ya simu na kumshawishi kwamba yeye ndiye wewe hazuiliki na kichipu chochote. Yeye hahitaji hata kufika ofisini; atatumiwa msimbo tu. Basi mtu akikuomba umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako, au umtumie picha ya QR ili “akusaidie kuiwasha”, kata simu.

Unapouza simu, hamisha laini kwanza, jaribu kupiga na kupokea kwenye simu mpya, ndipo ufute ya zamani. Na unapoifuta kwa sababu nyingine, soma vizuri swali linalouliza kama eSIM nayo ifutwe. Rafiki yangu alibonyeza ndiyo kwa mazoea, na njia yake ikawa ile ile niliyopita mimi.

Je, kadi zinakufa? Zimekuwa zikisinyaa tangu zizaliwe. Ya kwanza, iliyotengenezwa mwaka 1991 na Giesecke & Devrient ya Munich kwa ajili ya kampuni ya Radiolinja ya Ufini, ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Mwaka 2012 tulifika kwenye nano, milimita 12.3 kwa 8.8, ukiidondosha kwenye zulia umeipoteza. Simu ya Google, Pixel 2, ilikuja na eSIM mwaka 2017, iPhone XS mwaka 2018. Mwaka 2022 iPhone 14 iliuzwa Marekani bila tundu la kadi kabisa, na iPhone Air ya mwaka 2025 haina tundu hilo popote duniani. Tayari kuna iSIM, ambayo hata kichipu chake hakipo peke yake. Kimo ndani ya prosesa, ile chipu kuu inayoendesha simu. Watengenezaji wanaipenda nafasi inayobaki, na tundu moja pungufu ni njia moja pungufu ya maji.

Hata hivyo, mama aliponiuliza wiki iliyopita kama naye ahame, nilimwambia asubiri.

“Kwani yako ina shida gani, mwanangu?”

Nikamwambia haina shida. Ila simu yake ikizima, jirani anaweza kumsaidia kuhamisha kadi kwa dakika moja, na mimi naishi mbali naye. Nikamwekea PIN kwenye ile kadi, nikaiandika nyuma ya kalenda.

“Sasa hapo nyuma ya kalenda si kila mtu ataiona?”

Nikaifuta, nikaiandika kwenye daftari lake la mapishi.