Seti ya sufuria ilinifunza adabu: nunua kimoja kimoja

Mkuu, umeuliza kama ununue seti nzima ya sufuria na visu kwa mkupuo au ujikusanyie kimoja kimoja, maana sasa unataka kupika kwa umakini, si kuchemsha tu ili mradi watu wale. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuingizwa mkenge na seti.

Yangu ilikuwa ya vipande 12, inameta, mifuniko ya kioo. Haikupita miezi mingi kikaango kikapinda kitako. Ukimimina mafuta yanakimbilia pembeni, katikati panabaki pakavu, kitunguu kinaungua hapo huku cha pembeni bado kibichi. Nikadhani sijui kupika. Kumbe bati jembamba.

Chuma cha pua hakishiki kutu kirahisi, lakini kusambaza joto hakiwezi. Alumini inakizidi zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana sufuria nzuri ya chuma cha pua huwa na alumini, au shaba, iliyobanwa katikati ya matabaka. Nyingine zimewekewa kitakoni tu, nyingine hadi ukingoni. Geuza sufuria uangalie kwa nje: ukiona mstari unaoizunguka karibu na kitako, ujue alumini imeishia hapo. Kwa kuchemshia haina neno. Ila kwa mchuzi mzito unaotaka kukoroga muda mrefu, chagua iliyowekewa mpaka juu, la sivyo ule wa kwenye kona ya chini utaungua kwanza. Muuzaji akikutajia 18/10 kwa mbwembwe, hiyo ni asilimia ya kromiamu na nikeli kwenye chuma. Inahusu kutu na kung'aa. Unene wa kitako haikuambii. Na kama jiko lako ni la indaksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku mfukoni. Isiponasa kitakoni, rudisha sufuria rafuni.

Kikaango changu cha kila siku sasa ni kile cheusi kizito cha chuma cha kusubu. Kinachelewa kupata moto, na kinaupata kwa mabaka, kwa hiyo nakiacha kwenye moto wa wastani dakika kadhaa kabla sijaweka kitu. Kikishashika joto hakiliachii. Nyama ikitua inalia na inabaki inalia. Mwanzoni nilikiharibu mwenyewe. Nilitaka kukijengea tabaka la mafuta ili chakula kisinate, nikakipaka mafuta mengi nikakiweka kwenye oveni, kikatoka kinanata kama ulimbo. Dawa ni tone dogo, upake kote, kisha ufute kana kwamba umejutia kulipaka, ndipo ukipashe moto sana. Tabaka jembamba linagandamana na chuma na kuwa gumu. Nene linabaki gundi. Usikiloweke usiku kucha, na usikichemshie nyanya kwa muda mrefu, asidi yake inakula hilo tabaka na chakula kinapata ladha ya chuma.

Kikaango kisichonata nunua kimoja tu, kwa ajili ya mayai, na usitoe pesa nyingi. Hicho lazima kitachakaa. Teflon, ule utando wake wa kuzuia kunata, huanza kuharibika ikipita nyuzi 260 za Selsiasi hivi, na kikaango kitupu kwenye moto mkali hufika huko upesi kuliko unavyodhani.

Sasa kisu, ambako ningeweka pesa kuliko kote. Unahitaji kimoja kikubwa cha sentimita 20 na kidogo cha kumenyea, basi. Kile kitalu cha mbao chenye visu kumi ni pambo. Usikichague kwa macho. Kishike ukibana ubapa wake, pale unapokutana na mpini, kwa kidole gumba na cha shahada. Mgongo ukikukwaruza dukani, baada ya kilo mbili za vitunguu utakuwa na lengelenge. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: visu vya mtindo wa Kijerumani vingi viko 56 hadi 58, vya Kijapani 60 na kuendelea. Kigumu kinakaa na makali muda mrefu lakini kinameguka. Changu cha Kijapani kina pengo dogo karibu na ncha, kumbukumbu ya siku niliyokitumia kwenye mfupa. Kwa mtu anayeanza, kile laini kidogo kinasamehe.

Siku hiyohiyo nunua na jiwe la kunolea, la namba 1000 (namba ya ulaini wa chembe zake). Ile fimbo ya chuma wanayoipitisha wapishi haraka haraka hainoi kama jiwe. Inanyoosha makali yaliyolala. Kisu kikibutuka kweli fimbo haikusaidii. Mimi nakipima kwa nyanya iliyoiva: nakiweka juu ya ganda na kukivuta bila kukandamiza. Kikiteleza, kinarudi kwenye jiwe.

Ubao wa kukatia uwe wa mti au plastiki. Wa kioo ni wa kuua kisu. Utandikie kitambaa chenye unyevu chini ili ubao usiteleze.

Pesa ikibaki, mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, halafu kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Kikamulio cha vitunguu saumu ninacho, kiko kwenye droo hiyohiyo iliyobeba mifuniko ya ile seti.