Sin zinatoka wapi kwenye sheria ya kupinda kwa nuru?

Umeuliza sin (sine za pembe) zinaingiaje kwenye sheria hiyo wakati Fermat, mwanahisabati Mfaransa, (1662) alisema tu kwamba nuru hupita njia ya muda mfupi zaidi. Huhitaji hata kuhangaika na vipeuo vya kukokotoa urefu wa njia. Chukua nuru inayotoka hewani kuingia majini, halafu isogeze kidogo ile nokta inapokatia uso wa maji, tuseme kwa umbali s, kuelekea upande wa kule iendako. Njia ya hewani inarefuka kwa s·sin i, ya majini inafupika kwa s·sin r (chora pembetatu ndogo pale kwenye nokta, utaona; i ni pembe ya nuru hewani na r ni ya majini, zote zinapimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa maji). Gawanya kila moja kwa kasi yake (v₁ hewani, v₂ majini) upate muda. Kwenye njia bora, muda unaoongezeka na unaookolewa lazima vilingane, la sivyo ungesogeza tena ukapata njia ya haraka zaidi. Kwa hiyo:

sin i / v₁ = sin r / v₂

Ndiyo hiyo hiyo n₁ sin i = n₂ sin r, kwa kuwa n = c/v (c ni kasi ya nuru kwenye ombwe, n ni kipimo cha jinsi kitu kinavyoipunguza). Jaribu 45° hewani (sin yake ni 0.707; n ya hewa ni kama 1, ya maji 1.33): 0.707 ÷ 1.33 = 0.532, yaani kama 32° majini.