Filta ya boti si lazima inunuliwe duka la boti

SWALI: Mhariri, salaam. Boti yetu ya mizigo hapa Kilindoni, Mafia, ina injini ya dizeli Perkins 4.236. Duka la vifaa vya boti limetutajia bei ya filta inayotutoa jasho. Fundi anasema tufunge ya trekta, ni ileile kwa bei nafuu. Nahodha hataki hata kusikia. Tumfuate nani?

JIBU: Mfuateni fundi, lakini hakikisheni namba kwanza. Injini nyingi za 4.236, na ndugu yake mdogo 4.108, zilifungwa chujio la dizeli la chapa ya CAV: kichwa cha alumini juu, kopo la filta katikati, kitako chini, na vyote hubanwa na bolti moja ndefu inayopita katikati. Kopo hilo ni namba 7111-296. Kampuni ya Delphi huliuza kwa namba HDF296. Trekta la Massey Ferguson 135 hutumia hilohilo, pamoja na matrekta mengine mengi yenye Perkins. Karatasi ya ndani haijui kama iko shambani au Mkondo wa Mafia.

Kwa hiyo boti ikienda Dar es Salaam, pitieni maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo, na mwulize kwa namba. Msiseme tu "nipe filta ya Perkins", kwa sababu Perkins zina filta za aina nyingi, na baadhi ni za kukaza kwa kuzungusha, ambazo kwenu hazitaingia. Chukueni na kopo la zamani mkalinganishe.

Kabla ya kulipa, fungueni boksi hapohapo dukani. Zungusheni kidole kwenye ukingo wa kopo, juu na chini: pakiwa na bonde hata dogo, hapo ndipo dizeli itakapovuja. Angalieni ndani kama kuna vumbi la chuma au gundi iliyoachia. Kisha hesabuni mipira: mkubwa wa juu, mkubwa wa chini, na oringi ndogo ya bolti ya katikati. Filta isiyo na mipira yake si rahisi hata kama bei ni ndogo, maana mtalazimika kurudishia mipira iliyokwisha kukauka.

Wakati wa kufunga, fungeni valvu ya tangi, wekeni beseni chini ili dizeli isimwagikie kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti), halafu shikilieni kitako huku mkilegeza bolti. Sasa jambo linaloharibu kazi ya mafundi wengi: mpira wa juu wa zamani hunasa ndani ya kichwa cha alumini, mweusi kwa mweusi, usionekane. Ukiweka mpya juu yake, kopo hukaa upande na dizeli huchuruzika. Uchokoeni kwa kijiti, si kwa bisibisi, isije ikakwaruza alumini. Futeni pale mpira unapokaa, pakeni mipira mipya dizeli kidogo, kazeni kwa spana fupi. Mkikaza kwa nguvu zote, meno ya alumini yatakatika, na kununua sehemu hiyo mpya ni gharama kuliko filta nyingi.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli mlipofungua chujio, kuna utaratibu wake. Legezeni skrubu ya juu ya chujio na zile mbili za pampu ya nozeli (moja iko ubavuni, nyingine kwenye kifuniko cha juu). Pigeni kijiti cha pampu ndogo ya mafuta. Kikiwa hakina uzito wowote, zungusheni injini mzunguko mmoja, kwa kuwa kemu (jino la ndani ya injini linaloendesha pampu hiyo) imekisukuma mpaka mwisho. Dizeli ikitoka bila mapovu, kazeni ya chujio, kisha ya ubavuni, mwisho ya kifuniko. Halafu legezeni nati za paipu kwenye nozeli mbili, wekeni mkono wa mafuta mwisho, pigeni stata hadi dizeli itoke, kazeni na mwashe.

Ikiwa ekzosi yenu inapozwa kwa maji ya bahari, fungeni valvu ya maji hayo kabla ya kupiga stata kwa muda mrefu. Injini isipowaka, maji hujaa kwenye ekzosi na kurudi ndani ya silinda, na hapo hasara si ya filta tena. Ikishawaka, fungueni valvu palepale.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Shimoni, Kwale. Nina mashine ya boti ya Yamaha Enduro 40. Ile filta ndogo ya petroli ya ndani imepasuka. Ya bodaboda yaingia vizuri kwenye mpira wa petroli. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na ni mkubwa. Mashine ya nguvu farasi 40 ya mistroki miwili ikivutwa mwisho hukaribia lita 20 kwa saa. Pikipiki haifiki hata robo ya hapo, na filta yake imepimwa kwa kiasi hicho. Mashine yako itakwenda vizuri polepole, kisha itanyimwa petroli ukivuta. Oili ya mashine hiyo imo ndani ya petroli, kwa hivyo petroli ikipungua oili nayo imepungua. Pistoni hukwaruzika hivyo.

Nunua filta ya matundu mapana inayolingana na mpira wako, au ya Yamaha yenyewe. Pesa uliyotaka kuokoa iweke kwenye chujio la kutenga maji, la mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kati ya tangi na mashine. Makopo yake hutengenezwa na kampuni nyingi, ila meno hutofautiana, kwa hiyo nenda na la zamani kila unaponunua.

Nguvu ikipungua baharini, tazama pampu ya mkono kwenye mpira. Ikiwa imenyonywa ikawa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi: anza na kitundu cha hewa cha kifuniko. Ukiiminya na mashine ikachangamka, shuku hewa inayoingia kwenye viungo au ngozi ya pampu ya mafuta iliyochoka.

SWALI: Boti yetu ya Kigoma ina chujio la dizeli la kutenga maji, Racor 500. Kuna filta za rangi tatu, ipi ni bora? Na tunaweza kuiosha kwa petroli tukairudishia?

JIBU: Racor 500FG huchukua namba 2010. Ya kahawia, 2010SM, ni mikroni 2. Ya bluu, 2010TM, ni 10. Nyekundu, 2010PM, ni 30. Kwa dizeli ya madumu chagueni nyekundu au bluu, na filta ya kwenye injini imalizie. Ya kahawia ikiwekwa mwanzo huziba upesi, na mtazinunua mara kwa mara bila sababu.

Kuosha, hapana. Petroli huondoa uchafu unaoonekana, ule laini hubaki ndani ya karatasi, na uwezo wa kuzuia maji huharibika.

Za kuiga zipo nyingi, na rangi si ushahidi. Ikiwa 2010 inatoka safi huku filta ya injini inatoka nyeusi, inapitisha uchafu, msiinunue tena. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, fungueni bomba la chini ya bakuli mpaka itoke dizeli tupu. Mkiona utelezi mweusi ndani ya bakuli, acheni kubadili filta kwanza: kuna maji chini ya tangi na ukungu umeota humo. Toeni dizeli yote, sugueni tangi, ndipo mfunge filta mpya.